Afande Erinayo Oryema: Askari, Baba, na Gari Lililovuka Mpaka

Hotuba ya Afisa wa Uhusiano wa Umma wa Polisi kwa askari wastaafu na wawakilishi wa jamii za mpakani, Wandegeya, Kampala

Wenyeji husema jina la Wandegeya limetokana na endegeya, wale ndege wadogo wanaofuma viota, waliojaa katika miti ya bonde hili kabla halijajaa maduka na bodaboda. Ndege wameondoka, kelele imebaki. Nitajitahidi sauti yangu iishinde.

Siku chache zijazo, tarehe 16 Februari, nchi nzima itapumzika kwa heshima ya Askofu Mkuu Janani Luwum. Tangu 2015 siku hiyo ni sikukuu ya taifa. Makanisani litatajwa jina lake, na ni haki litajwe. Lakini Luwum hakuuawa peke yake. Waliuawa pamoja naye mawaziri wawili, na mmoja wa mawaziri hao alikuwa ameitumikia polisi miaka zaidi ya thelathini kabla hajaitwa mheshimiwa. Kanisa linamkumbuka mtu wake. Sisi tusipomkumbuka wa kwetu, nani atatufanyia kazi hiyo?

Mtu huyo ni Erinayo Wilson Oryema, Mwafrika wa kwanza kuwa Inspekta Jenerali wa Polisi ya Uganda.

Alizaliwa mwaka 1917, wakati Vita Kuu ya Kwanza bado inapiganwa katika nchi jirani ambayo baadaye iliitwa Tanganyika. Alikuwa Mwacholi wa Anaka, katika wilaya ambayo leo tunaiita Nwoya. Alijiunga na polisi mwaka 1939. Vijana wengi wa rika lake kutoka kaskazini waliingia King's African Rifles wakapelekwa Uhabeshi, Madagaska na Burma. Yeye akavaa sare ya polisi akabaki nyumbani kulinda amani ya raia. Huko jeshini na huku polisini lugha ya amri ilikuwa moja, nayo ni hii tunayoizungumza sasa.

Niseme neno juu ya lugha hii, maana wapo wanaouliza kwa nini jarida letu halitoki kwa Kiingereza. Wapo pia ndugu zetu ambao hadi leo wakisikia Kiswahili mtaani hushika mifuko yao, kwa kuwa miaka ya Amin walikisikia kutoka vinywani mwa watu wenye bunduki. Amin mwenyewe alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na amri yake haikukipendezesha masikioni mwa watu. Lakini mtoto aliyezaliwa katika kambi ya Nsambya au Naguru alikisikia kwanza kwa mama akimwita aje kula. Na mama wa Busia akivuka barabara kununua unga upande wa pili, hicho ndicho anachokitumia kupatana bei. Lugha haina kosa. Kosa ni la aliyeitumia kutisha.

Polisi aliyojiunga nayo Oryema ilikuwa imeundwa mwaka 1906, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Kapteni Edwards, Mwingereza. Wakuu waliofuata wote walikuwa Waingereza. Mwafrika aliyeingia mwaka 1939 hakuwa na sababu yoyote ya kutarajia kwamba siku moja ataketi katika kiti kile. Aliingia, akafanya kazi, akapandishwa cheo pale palipowezekana, akaendelea kufanya kazi. Uhuru ulikuja tarehe 9 Oktoba 1962, na hata baada ya bendera kupandishwa mkuu wa polisi aliendelea kuwa Mwingereza, Michael Macoun. Mwaka 1964 Macoun aliondoka na Oryema akashika nafasi yake. Ilikuwa imepita miaka 25 tangu alipojiunga. Nawatajia hesabu hiyo vijana wetu wa mafunzo ambao baada ya miezi minane kazini huanza kuniuliza habari za nyota mabegani.

Hakupokea nyumba tulivu. Januari ya mwaka huo huo askari wa jeshi waliasi kule Jinja. Novemba, baada ya kura ya maoni ya kaunti zilizobishaniwa kati ya Buganda na Bunyoro, kulizuka ghasia, na risasi za polisi ziliua raia kule Nakulabye, mwendo wa kutembea tu kutoka hapa tulipoketi. Wazee wa Nakulabye hawajasahau, na sioni sababu ya mimi kujifanya nimesahau. Mei 1966 jeshi, likiongozwa na Idi Amin, lilishambulia ikulu ya Kabaka huko Mengo. Oryema ndiye aliyekuwa mkuu wa polisi wakati huo. Kwa hiyo nikisema tumkumbuke, sisemi tumsafishe. Alishika usukani katika miaka ambayo serikali ilianza kuzoea kutumia bunduki mahali pa mazungumzo, na polisi haikusimama nje ya mazoea hayo.

Tarehe 25 Januari 1971 Amin alitwaa madaraka. Oryema akaacha polisi akaingia baraza la mawaziri, akashika wizara iliyohusika na ardhi, madini na maji, baadaye ardhi na nyumba. Katika serikali ile ya kijeshi alitambulika kwa cheo cha Luteni Kanali. Wapo wanaomlaumu, na lawama hiyo sitaizima. Mwaka ule ule wa 1971 wanajeshi wengi wa Kiacholi na wa Kilango waliuawa katika kambi zao wenyewe. Mwacholi mwenzao alikuwa katika baraza. Mtu anaweza kubaki ndani akidhani atapunguza madhara. Anaweza kubaki kwa sababu hana mlango wa kutokea. Na anaweza kubaki kwa sababu ana mke na watoto, naye amekwisha kuona yanayowapata watoto wa waliotoka. Ninyi mliovaa sare mkiwa na familia mnaijua sababu hii ya tatu uzito wake, na mnajua kwamba haiandikwi katika faili.

Basi niingie nyumbani kwake. Kumbukumbu za ofisi huhifadhi tarehe za vyeo, hazihifadhi jioni. Jioni za nyumba ya Oryema tunazifahamu kwa sababu mmoja wa watoto wake, Geoffrey, alikuja kuwa mwanamuziki anayejulikana duniani na akazisimulia. Geoffrey alizaliwa Soroti mwaka 1953, katika nchi ya Wateso, mbali na Anaka. Hilo halitamshangaza mtu yeyote hapa. Muulizeni askari mstaafu yeyote aliye mbele yangu watoto wake wamezaliwa wapi, naye atawatajia wilaya tano: huyu Mbale, huyu Kabale, huyu Arua. Mtoto wa askari hujifunza mapema kwamba kwao ni mahali baba anapozungumzia, si lazima mahali anapoishi.

Baba huyu alimzungumzia mwanawe kwao kwa kutumia nanga. Nanga ni chombo cha nyuzi saba, cha mbao, ambacho mpigaji huketi nacho na kukipiga taratibu huku akiimba au kusimulia. Oryema alikijua, na alimfundisha mwanawe. Mama naye alikuwa mtu wa sanaa, kiongozi wa kundi la ngoma la taifa lililoitwa Heartbeat of Africa, ambalo lilichanganya ngoma za kila pembe ya Uganda. Kwa hiyo ndani ya nyumba hiyo ngoma zilikutana: za kaskazini, za Teso, za Buganda, za Ankole.

Naomba mlitazame jambo hili vizuri. Mwanamume anayepanda ngazi za polisi tangu enzi za mkoloni, ambaye mchana kutwa hupigiwa saluti na huamua nani akamatwe na nani aachiliwe, anarudi nyumbani, anavua kofia, anaketi na mtoto na nyuzi saba. Wengi wetu hurudi nyumbani na amri bado iko mdomoni. Tunawaamuru wake zetu, tunawahoji watoto kama washukiwa, kisha tunashangaa wanaponyamaza tukiingia. Katika dawati la malalamiko ya kifamilia, nisingependa kuwaambia mara ngapi mlalamikiwa ni mmoja wetu. Oryema hakuwa malaika, lakini miaka mingi baada ya kifo chake mwanawe alipotaka kumweleza baba yake kwa watu wa Ulaya, hakuanza na cheo. Alianza na nanga.

Sasa nifike Februari 1977. Usiku wa kuamkia tarehe 5 askari waliivamia nyumba ya Askofu Mkuu Luwum huko Namirembe, wakidai wanatafuta silaha. Maaskofu waliandika barua ya kulalamika kwa Rais, barua ya heshima na ya wazi. Tarehe 16 wanajeshi wengi, viongozi wa dini, mawaziri na mabalozi waliitwa katika viwanja vya hoteli ya Nile. Silaha zilikuwa zimetandazwa hadharani, tuhuma zikasomwa, wanajeshi wakapiga kelele za kutaka washukiwa wauawe. Maaskofu wengine waliruhusiwa kwenda zao. Luwum alizuiwa. Hakutoka tena akiwa hai, wala Oryema, wala Charles Oboth Ofumbi.

Kwa ndugu zetu wa Tororo na Malaba hilo la tatu si jina geni. Oboth Ofumbi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, yaani wizara ambayo polisi iko chini yake hadi leo, na alikuwa Mjopadhola aliyeandika kitabu cha historia na mila za watu wake. Luwum alikuwa mzaliwa wa Mucwini kule Kitgum, kaskazini kabisa, si mbali na mpaka wa Sudan. Jimbo lake la kanisa lilikuwa linazijumuisha Uganda, Rwanda, Burundi na sehemu ya Zaire. Mkichora ramani ya maisha ya watu hawa watatu, mtakuta mmechora karibu mipaka yetu yote.

Kesho yake redio ilitangaza kwamba watu watatu wamekufa katika ajali ya gari, walipokuwa wakijaribu kumnyang'anya dereva gari ili watoroke.

Hapa naomba kusema kama mtu wa kazi yangu. Mimi huandika taarifa kwa umma. Ndiyo riziki yangu. Nina stashahada iliyoniandaa kwa kazi hiyo na nina meza ambayo juu yake taarifa hizo huandikwa. Taarifa ile ya Februari 1977 haikujiandika. Kuna mtu aliyeketi, akachagua neno "ajali", akaliweka mahali pake, akakagua nukta na mkato, akaipeleka isomwe. Kwa ufundi wa lugha huenda ilikuwa taarifa safi: fupi, yenye nani, nini na vipi. Nchi nzima haikuiamini hata saa moja. Na madhara yake hayakuishia kwa familia tatu. Tangu siku hiyo, msemaji wa serikali akitangaza ajali ya kweli kabisa, gari la kweli, dereva wa kweli aliyelala usingizi kwenye kona, yuko mzee mahali fulani anayeguna. Mimi nimezisikia guno hizo. Siwezi kumlaumu mzee huyo. Deni lile liliachwa na waliokuwa na kalamu kabla yangu, na linalipwa na kila anayeishika sasa.

Kwa hiyo ninyi viongozi wa mitaa na vijiji, mkiletewa taarifa ya kifo kutoka kituo chochote, msiogope kuuliza. Ni wapi? Ilikuwa saa ngapi? Nani alikuwepo? Mwili uko wapi, na ndugu watauona lini? Afisa anayekasirishwa na maswali hayo anahitaji kufundishwa upya kazi yake. Andikeni jina lake, mtuletee.

Turudi kwa familia. Baba amekufa kwa "ajali". Mke amekuwa mjane. Mtoto yule wa nanga ni kijana wa miaka ishirini na kitu. Amesomea sanaa ya maigizo hapa Kampala na ameanzisha kundi lake la maigizo. Angeendelea kukaa, kila mtu alijua mwisho wake. Akaondoka kwa njia ambayo alikuja kuisimulia mwenyewe: alijificha ndani ya buti la gari, gari likaenda mpaka wa Kenya, likavuka.

Mtoto wa Inspekta Jenerali wa kwanza Mwafrika alijificha ndani ya buti ili polisi wasimwone.

Naisema sentensi hiyo polepole kwa sababu ndiyo iliyonifanya nichague habari hii. Vizuizi vya barabarani vya wakati ule vilikuwa na wanajeshi, vilikuwa na watu wa State Research Bureau, na vilikuwa na askari polisi. Kule Naguru kulikuwa na kitengo cha polisi kilichoitwa Kikosi cha Usalama wa Umma, na umma ulikiogopa kuliko majambazi. Wengine waliokuwa wakitumikia mwaka ule walikuwa wameapishwa Oryema akiwa mkuu wao. Tunapenda kusema katika mikutano kama hii kwamba polisi na raia ni ndugu. Mwaka 1977 hata polisi na mtoto wa polisi hawakuwa ndugu.

Jirani zetu wa Kenya walimpokea. Ulikuwa mwezi mbaya kwa ujirani. Februari hiyo hiyo mpaka kati ya Tanzania na Kenya ulifungwa, na kabla ya mwaka kwisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilikuwa imekufa. Hata hivyo watu waliendelea kupokea watu. Kutoka Kenya Geoffrey alikwenda Ufaransa, na huko akawa mwanamuziki. Albamu yake ya mwaka 1990 iliitwa Exile, yaani uhamishoni, na ndani yake uko wimbo unaoitaja Anaka kwa jina. Ile ya mwaka 1993 aliiita Beat the Border, ambayo kwa lugha yetu ningeifasiri "Ushinde Mpaka". Nadhani hakuna mtu katika ukumbi huu anayehitaji kuelezwa maana yake. Alirudi Uganda mwishoni mwa 2016, karibu miaka 40 baadaye, akawapigia watu wake muziki. Alifariki nchini Ufaransa tarehe 22 Juni 2018 akiwa na umri wa miaka 65, mitano zaidi ya ile aliyoishi baba yake.

Sasa mtaniuliza, afande, hayo ni ya wakubwa wa Kampala, yanatuhusu nini sisi wa mpakani? Yanawahusu kuliko yanavyotuhusu sisi. Buti lile lilipita kwenu.

Na si lile tu. Mwaka 1959 Wanyarwanda walivuka kuja kwetu. Mwaka 1966 Kabaka Mutesa alitoroka mashambulizi ya Mengo, akavuka hadi Burundi, kisha akafika London, akafia huko mwaka 1969. Mwaka 1971 wafuasi wa Obote walikimbilia Tanzania na Sudan. Baada ya kuuawa Luwum na wenzake, Waacholi na Walango wengi walitoka. Kisha gurudumu likageuka: Oktoba 1978 majeshi ya Amin yakaingia Kagera, Watanzania wakajibu kwa kupitia Mutukula, Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979, na safari hii waliokimbia ni watu wa West Nile, wakiwemo maelfu ya wakulima na kina mama ambao hawakuwahi kumwona Amin kwa macho. Walikwenda Zaire na Sudan. Waliopokelewa jana wakawa wapokezi, waliofukuza wakawa waliofukuzwa. Leo Wasudani Kusini huingia kwa Elegu, Wakongo huingia kwa Bunagana na Mpondwe, na nchi yetu ina wakimbizi zaidi ya milioni 1.5. Akija mtu kijijini kwako akakwambia wakimbizi ni watu wa namna fulani tofauti na sisi, muulize babu yake alilala wapi mwaka 1980.

Lakini nisije nikawapa nusu ya ukweli. Buti lile lile lililombeba kijana asiye na hatia ndilo linalobeba leo bunduki, bidhaa za magendo, na, jambo linaloniumiza zaidi, watoto wanaopelekwa kuuzwa kazi. Tuna Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2009, na kwa sababu hiyo askari wa leo lazima alifungue buti. Asiyelifungua hajawa mwema, huenda amehongwa. Siwaombi, basi, mtamani polisi asiyeangalia. Jambo la kuuliza ni hili: buti likifunguka na ndani yake akaonekana mtu, kinachofuata ni nini?

Mwaka 1977 kilichofuata kilijulikana. Leo sheria inasema vingine. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inakataza kumrudisha mtu kwenye nchi ambako maisha yake au uhuru wake uko hatarini kwa sababu ya kabila, dini, siasa au mengine ya aina hiyo. Inampa siku 30 tangu alipoingia ili aombe kutambuliwa kuwa mkimbizi. Kuingia kwake bila karatasi, pekee yake, hakumfanyi kuwa mhalifu. Anayetenganisha mkimbizi na mshukiwa ni mamlaka, yaani polisi pamoja na Ofisi ya Waziri Mkuu, kwa kumsikiliza. Si mwenye bodaboda aliyemkuta njiani, wala kijana wa njia za panya anayemdai pesa asimseme.

Mtu akifika kwako usiku, mpe maji kwanza. Kisha mwite mwenyekiti wa LC1, usiku huo huo, na mwenyekiti apige simu kituoni. Usimfiche kwa siri, hata kwa huruma, maana siri ndiyo bidhaa wanayoiuza wasafirishaji wa watu, na ukiificha huruma yako itafanana na biashara yao. Kama ni mtoto asiye na mzazi, asilale kwa mwanamume anayeishi peke yake. Alale kwa mama anayejulikana kijijini, jina la mama huyo liandikwe. Msimpige picha mkaisambaza kwenye simu. Wapo wanaotafuta watu kwa picha hizo, na si wote wana nia njema. Kama mtu anasema anaogopa polisi, msimcheke wala msimlazimishe kwa viboko. Mwambieni kuna afisa wa kike kama anamtaka, na msubiri pamoja naye hadi gari lifike. Kuogopa kwake si ushahidi wa hatia. Huko alikotoka huenda sare kama yangu ndiyo iliyomfukuza.

Najua malalamiko yenu. Mmeniambia wakati wa chai kwamba baadhi ya vituo hupokea simu na hakuna gari linalokuja, au linakuja na dereva anataka mafuta kutoka kwa aliyepiga. Nimeandika. Nimeandika pia lile la kizuizi ambacho, kwa maneno ya mzee mmoja, "mkimbizi hulipa, mwizi hupungiwa mkono". Sitalijibu hapa kwa maneno matamu, maana nimetumia nusu saa kueleza maneno matamu ya redio yalitufikisha wapi. Mtajibiwa kwa barua, kila kijiji kwa jina lake, na barua hizo zitachapishwa katika jarida hili ili kila mtu azione.

Namba zetu za dharura ni 999 na 112, na kuzipiga hakuna malipo. Wazee wastaafu walioomba kuzungumza sasa watapewa nafasi, na kwa ruhusa ya mwenyekiti waanze wale wa Elegu, kwa sababu basi lao linaondoka saa tisa.